Kupima nguvu ya lenzi bandia ya jicho kwa leza, hata kama huna maabara ya mamilioni

Hii ni kwa wanafunzi wa fizikia, watu wa optometria na mafundi vifaa tiba wanaotaka kujua ile lenzi anayowekewa mtu aliyetolewa mtoto wa jicho inapimwaje, na sio kujua kwa kuambiwa, kwa kuipima mwenyewe mezani. Boksi limeandikwa +20.0 D, yani diopta 20, diopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi, sawa, ila nani kasema ni ishirini kweli? Kiwango cha kimataifa, ISO 11979-2, hakidai iwe ishirini kamili. Hadi diopta 15 lenzi inaruhusiwa kupotoka 0.3 juu au chini, kuanzia hapo hadi 25 ni 0.4, hadi 30 ni 0.5, na zaidi ya 30 ni diopta 1 nzima. Kwa kukadiria tu, diopta 1 ya lenzi iliyo ndani ya jicho ni kama 0.7 ya miwani, kwaiyo ukikosea kupima kwa nusu diopta kipimo chako hakina maana yoyote, huwezi kusema lenzi ni nzuri wala mbaya. Lengo letu ni kufika 0.1 au 0.2.

Na nguvu sio jambo dogo. Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza kabisa pale St Thomas' Hospital, London, tarehe 29 Novemba 1949, plastiki ya PMMA ilivumiliwa na jicho vizuri tu, tatizo likawa nguvu, lenzi ilikuwa kali mno na mgonjwa akaishia haoni mbali kabisa bila miwani mizito. Yani upasuaji umefanikiwa, hesabu ya mwanga imegoma.

Sasa, watu wengi wakisikia kupima lenzi wanakimbilia kutafuta fokasi: unapiga mwanga, unasogeza karatasi mpaka doa liwe dogo, unapima kwa rula. Kwa lenzi ya jicho achana na hiyo njia. Lenzi ya PMMA ambayo ndani ya jicho ni diopta 20, ukiishika hewani inakuwa kama diopta 64, fokasi yake iko milimita 15 au 16 tu, na ile ruhusa ya 0.4 inabaki kama milimita 0.3, af hapo hujui unapima kuanzia wapi, mgongo wa lenzi au katikati yake au wapi. Ndani ya maji fokasi inasogea hadi karibu milimita 67, afadhali kidogo, lakini swali la "kuanzia wapi" liko palepale, na doa dogo kabisa ni ngumu kuliona kwa jicho, kila mtu atakwambia lake.

Njia ninayoipenda mimi haitafuti fokasi kabisa. Unachukua mwale mwembamba wa leza, unaupitisha kwenye lenzi iliyozama ndani ya kichombo cha vioo bapa, af unaisogeza lenzi kidogokidogo kukata mwale, mwale unapinda, doa linasogea kwenye kamera iliyo nyuma. Ukisogeza lenzi s, mwale unatoka na pembe sawa na P mara s, ambapo P ndo nguvu ya lenzi ndani ya hayo maji. Uzuri ni kwamba vioo bapa havina nguvu yoyote, na mwale ukitoka majini kwenda hewani unapinda kiasi kilekile kinachohitajika ili hesabu ibaki P mara s, huhitaji kugawa kwa chochote. Unapima doa limetembea kiasi gani kwa kila milimita ya lenzi, hiyo tuiite k. Unapima k kamera ikiwa karibu, unairudisha nyuma umbali unaoujua, unapima k tena. Nguvu ni tofauti ya hizo k mbili gawa kwa umbali uliorudisha kamera, kwa mita. Basi. Hujali kichombo kina unene gani, hujali lenzi iko wapi ndani yake, hujali katikati ya lenzi ni wapi, vyote hivo vinajifuta vyenyewe kwenye kutoa.

Vifaa sasa. Lenzi kwanza: kliniki za macho huwa zinabaki na lenzi zilizopita muda, au iliyofunguliwa ikadondoka chini theatre, omba kwa adabu na ueleze ni ya nini, na ipokee pamoja na boksi lake mana utahitaji kujua ni plastiki gani. Ikishafika kwako hairudi kwa mgonjwa, hata kama inang'aa vipi.

Leza iwe ya kijani. Kiwango kinataka nguvu ya lenzi itajwe kwa mwanga wa nanomita 546, na leza ya kijani ya 532 au 520 iko karibu sana na hapo. Nyekundu ya heliamu-neoni, 632.8, ni nzuri na imetulia ila plastiki na maji vyote vinapinda nyekundu kivingine, lenzi ya PMMA ya 20 itasoma pungufu kama 0.2, na akriliki zingine (plastiki laini za lenzi) zinazotawanya rangi sana zitapungua zaidi. Na bluu usiiguse, lenzi nyingi siku hizi zina rangi ya njano kwa makusudi ili zichuje bluu.

Hizi leza za kijani za bei rahisi, zile za kalamu, zina mambo mawili. La kwanza, nyingi zinatengeneza kijani kutoka kwenye infraredi, na infraredi hiyo (808 na 1064) mara nyingine inavuja bila kuchujwa. Wewe huioni ila kamera isiyo na kichujio cha infraredi inaiona vizuri, kwaiyo doa lako linakuwa ni madoa matatu yamelaliana kila moja limepinda kivyake, na kitovu chake ni uongo mtupu. Weka kioo cha kuchuja infraredi kabla ya lenzi, au tafuta leza ya daiodi inayotoa kijani moja kwa moja, hizo za 520. La pili ni macho yako. Lebo ikisema chini ya miliwati 5 usiiamini, zingine zinatoa mara kadhaa ya hiyo. Punguza mwanga kabla hujaanza kazi yoyote, polaroidi mbili zilizopishana zinatosha, mpaka doa kwenye karatasi liwe hafifu. Mwale upite usawa wa meza na sio usawa wa macho ya mtu aliyekaa, saa na pete vua, na nyuma ya kamera weka ubao mweusi. Inachekesha kupoteza jicho ukiwa unapima lenzi ya jicho.

Baada ya hapo kitobo cha kama milimita 0.4 ili mwale uwe mwembamba. Ukiacha mwale wa milimita moja au mbili, lenzi itaukusanya halafu ikautawanya, na kamera ikiwa mbali doa linakuwa pana kuliko sensa. Lakini usizidishe wembamba, ukienda 0.1 mwale unatawanyika wenyewe na unapata mapete.

Kamera, ile HQ ya Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya bei rahisi) inafaa sana kwa sababu inakuja bila lenzi, sensa yake ina upana wa kama milimita 6.3 na pikseli ni mikromita 1.55. Webkamu uliyoitoa lenzi nayo inaenda. Angalia tu kitu kimoja: programu ikikupa picha ndogo kuliko sensa imeunganisha au imeruka pikseli, kwaiyo mikromita kwa pikseli zimebadilika. Usiamini karatasi ya maelezo, funga kamera kwenye kisogezi cha lenzi (kifaa cha skrubu cha kusogeza lenzi, nakieleza hapo chini), isogeze milimita 1 bila lenzi njiani, hesabu pikseli ngapi doa limetembea. Hapo umeua ndege wawili, mana sasa lenzi na doa vyote vinapimwa kwa maikromita ileile na kama ina kosa la kipimo linajifuta.

Kisogezi chenyewe lazima kiwe cha skrubu ya maikromita. Meza ya hadubini ya shule yenye venia ya milimita 0.1 haifai hata kidogo. Kila kitu kifungwe juu ya kipande kimoja kizito, mafundi wanaokata granaiti za kaunta za jikoni wana mabaki kibao wanakupa kwa bei ya soda.

Kichombo gundisha vioo vya slaidi za maabara kwa silikoni ya akwariamu, upana wa ndani kama sentimita 2 unatosha. Lenzi yenyewe ni milimita 6 hivi kwa kipenyo na ina vimikono viwili vinavyoifanya ifike kama 13, ishike kwa hivyo vimikono tu, pete iliyochongwa mfereji au iliyochapwa kwa printa ya 3D. Ukiibana inajikunja, na lenzi laini iliyojikunja sio lenzi ileile tena. Lenzi za akriliki zinazonyonya maji usizipime kavu hata siku moja, zikikauka zinasinyaa, zinabadilika kila kitu, ziache zizame usiku kucha kwenye maji ya chumvi kwanza.

Kupima kunaenda hivi. Washa leza uiache nusu saa itulie. Jaza kichombo maji ya dripu ya chumvi ya 0.9%, bila lenzi, na usogeze kichombo kulia na kushoto ukiangalia doa. Halitakiwi kutembea. Likitembea, vioo vyako vimepinda au haviko sambamba, andika huo mteremko utakuja kuutoa baadae. Sasa ingiza lenzi, taratibu, mana viputo vya hewa vinapenda kung'ang'ania kwenye lenzi, ukiona kiputo kitoe kwa brashi laini. Isogeze mpaka doa lirudi palepale lilipokuwa bila lenzi, hapo mwale unapita kwenye kitovu cha lenzi. Fanya hivo kwa kulala na kwa kusimama.

Weka kamera kama sentimita 5 nyuma ya kichombo. Sogeza lenzi kutoka -0.5 hadi +0.5 kwa hatua za milimita 0.1, kila hatua piga picha kama kumi na uchukue wastani wa kitovu cha doa. ImageJ, programu ya kupima picha, ni bure na inakupa kitovu, au andika mistari michache ya Python, ila kwanza toa mwanga wa nyuma la sivyo kitovu kitavutwa kuelekea katikati ya picha. Hakikisha doa halijaungua, pikseli zikijaa nyeupe punguza mwanga au muda. Skrubu izungushe upande mmoja tu, ukirudi nyuma ina ulegevu wake. Chora grafu ya doa dhidi ya lenzi, utapata mstari, mteremko wake ndo k ya kwanza. Doa lisogee upande uleule lenzi inakosogea, ikiwa kinyume basi una lenzi ya kutoa (inayotawanya mwanga) au umegeuza ishara mahali.

Rudisha kamera nyuma milimita 100, pima kwa venia kalipa au tumia kipande cha chuma kilichokatwa sawasawa kama kizuizi. Ikisogea kidogo pembeni haina shida kwa sababu tunaangalia mteremko, ila sensa isiwe imeinama, nyuzi 5 tu zinakula karibu 0.4%. Rudia yote. Hesabu tofauti, gawa kwa 0.1.

Mfano: k ya karibu imekuja 1.236, ya mbali 3.286. Tofauti 2.050, gawa kwa mita 0.1, unapata diopta 20.5. Boksi linasema 20.0, ruhusa ni 0.4. Lenzi imefeli?

Tulia kwanza. Niulize ulitumia maji gani. Hapa ndo kwenye kazi yote, na ndo ninapotaka usome mara mbili, mana watu wananunua leza za gharama af wanazama kwenye maji ya bomba. Nguvu ya lenzi ndani ya kimiminika inatokana na tofauti kati ya namba ya mpindo ya plastiki na ya kimiminika, ile wanayoiandika n. PMMA ni kama 1.49, maji ya jicho yanachukuliwa 1.336, tofauti ni 0.15 na kitu, ndogo sana. Maji ya kawaida ni 1.333. Unaona ni 0.003 tu, nani anajali, lakini 0.003 juu ya 0.156 ni karibu 2%, na 2% ya diopta 20 ni 0.4, ruhusa yote imeliwa na maji. Akriliki inayonyonya maji, yenye n ya 1.46, ni mbaya zaidi, unakosea karibu 0.5. Ile isiyonyonya ya 1.55 ina nafuu, kama 0.3.

Marekebisho ni rahisi: chukua ulichopima, zidisha kwa (n ya lenzi toa 1.336), gawa kwa (n ya lenzi toa n ya kimiminika chako). Kwenye mfano wetu tuseme n ya lenzi ni 1.492 na mtu alitumia maji matupu ya 1.333, inakuwa 20.5 mara 0.156 gawa kwa 0.159, jibu 20.1. Lenzi nzima kabisa, tulikuwa tunataka kuitupa bure. Namba zote mbili za n ziwe za rangi moja ya mwanga, usichanganye ya kijani na ya njano. Refraktomita za maabara nyingi zinasoma kwa mwanga wa njano wa 589, na kama chuo chenu kina moja, pima kimiminika chako siku hiyohiyo, mana kichombo kikikaa wazi maji yanavukizwa na chumvi inazidi.

Joto nalo. Kiwango kinataka nyuzi 35. Ukiweka hita ndani ya kichombo maji yanaanza kuzunguka na doa linacheza kama barabara ya lami saa saba mchana. Pasha kichombo chote nje, zima hita, subiri litulie ndo upime. Au pima kwenye joto la chumba na uandike ni nyuzi ngapi, kwa PMMA tofauti sio kubwa kwa sababu plastiki na maji vyote vinashuka pamoja.

Kabla hujamwambia mtu yeyote lenzi yake ni mbovu, pima kitu unachokijua. Nunua lenzi ya kioo ya fokasi milimita 50, ipime hewani kichombo kikiwa kikavu, inatakiwa ikupe kama diopta 20. Ila kumbuka watengenezaji wengi wanataja fokasi kwa mwanga wa 587.6, kwa kijani cha 532 kioo cha BK7 kinakuwa na nguvu kidogo zaidi, 20.1, na wenyewe mara nyingi wanajipa ruhusa ya 1%. Ukipata kati ya 19.9 na 20.3 mtambo wako uko vizuri. Ukipata 21 tafuta kosa kwenye ukubwa wa pikseli, karibu kila mara ni hapo. Halafu toa lenzi na uirudishe mara kadhaa, upime upya kila mara, huo mtawanyiko ndo kosa lako la kweli na sio ile namba ya desimali nne anayokupa Excel.

Mtambo ukishakubali kuna mambo mengine unayapata bure. Pima kwa kulala af zungusha lenzi nyuzi 90 upime tena: nguvu zikitofautiana, ni lenzi ya toriki, ya watu wenye astigimatizimu, au umeiweka imeinama. Kamera ikiwa karibu panua safari hadi milimita 2 kila upande uone mstari unapinda vipi mwishoni. Lenzi ya zamani ya umbo la duara kawaida inazidisha nguvu pembeni, doa linakimbia kuliko mstari. Zile za kisasa zilizotengenezwa kusahihisha kosa la konea (kile kioo cha mbele ya jicho) zinafanya kinyume, pembeni zinalegea, na hiyo sio kasoro, ndo kazi yake. Zima taa, angalia lenzi kutoka ubavuni mwale ukipita: PMMA nzuri karibu huoni kitu, akriliki zisizonyonya maji zilizopashwa af zikapoa unaweza kuona nyotanyota, ni vitone vidogo vya maji ndani ya plastiki.

Kitu pekee ambacho njia hii haiwezi ni lenzi za fokasi nyingi zenye mapete. Pete ya kwanza pale katikati ina nusu kipenyo cha kama nusu milimita, mwale wetu unaingia wote humo ndani na hauzioni pete zingine, kwaiyo hauwezi kukuonyesha fokasi ya pili. Hizo zinataka mwale mpana na kioo cha kurudisha mwanga. Njia nzuri ni ya faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga), ile aliyoiandikia Ilko Ilev wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2007: leza inatoka kwenye ncha ya faiba nyembamba, inanyooshwa kuwa miale sambamba, inapita kwenye lenzi, inagonga kioo, inarudi njia ileile hadi kwenye ncha ileile. Kioo kikiwa kwenye fokasi kabisa mwanga mwingi unaingia tena kwenye faiba na pawa mita inapanda, kikitoka kidogo tu unashuka. Lenzi yenye fokasi mbili inakupa vilele viwili. Na hapo rangi ya leza inakuwa suala kubwa kweli, kwa sababu nguvu ya ziada inayotokana na mapete inakwenda sambamba na urefu wa wimbi: nyongeza ya diopta 3 kwa 546, ukiipima kwa leza nyekundu ya 632.8 inasoma karibu 3.5. Ukiona ripoti ya lenzi ya namna hiyo haijataja ni leza ya nanomita ngapi, rudisha uombe hiyo namba kwanza.